Vidonda vya mdomoni vinavyojirudia: jaza sahani kabla ya kujinyima

"Nikila nanasi natokwa na vidonda mdomoni. Niache nini kingine?" Swali hili haliishi, na anayeuliza mara nyingi ameshaacha nanasi, nyanya, pilipili, karanga na samaki wa kukaanga. Amebaki na ugali wa sembe, mlenda na chai ya rangi. Vidonda bado vinarudi, tena karibu karibu kuliko zamani.

Kosa liko kwenye mpangilio. Chakula huhusika na vidonda hivi kwa njia mbili. Ya kwanza ni upungufu: madini ya chuma, vitamini B12, asidi ya foliki au zinki vikipungua mwilini, ngozi laini ya ndani ya mdomo hushindwa kujijenga upya kwa wakati, na mkwaruzo mdogo hugeuka kidonda. Ya pili ni uchokozi: chakula fulani huchubua, huunguza au huamsha vidonda kwa mtu fulani. Wengi hukimbilia ya pili, wakajinyima mpaka wakaikuza ile ya kwanza. Hapa tunaanza na upungufu, ndipo tumtafute mchokozi, mmoja mmoja. Hesabu miezi 5 au zaidi kwa kazi yote.

Kwanza uvitambue

Chukua kioo kidogo na tochi ya simu, vuta mdomo wa chini kwa kidole kisafi, utazame. Kidonda tunachokizungumzia ni cha mviringo au umbo la yai. Katikati ni cheupe kinachoelekea njano, na kimezungukwa na pete nyekundu. Kinauma kuliko ukubwa wake. Hukaa sehemu laini: ndani ya mashavu na midomo, chini na pembeni mwa ulimi, au nyuma kwenye kaakaa laini. Vya kawaida havifiki sentimita 1 na hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14 bila kovu. Haviambukizi, kwa hiyo usimtenge mtoto wala kutenga vyombo vyake.

Vipo vinavyofananishwa navyo. Malengelenge madogo yaliyojikusanya ukingoni mwa mdomo kwa nje, yakapasuka na kuota gamba, ni ya virusi vya hepesi, na hayo huambukiza. Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, unaofutika kwa kitambaa, ni fangasi. Kupasuka kwenye pembe za mdomo nako ni kitu kingine, ila kiandike, kwa sababu mara nyingi huambatana na upungufu uleule wa chuma na vitamini za kundi B.

Usianze mwongozo huu nyumbani, nenda kituo cha afya, ikiwa:

- kidonda kimoja kimepita wiki 3 bila kupona, hata kama hakiumi. Kidonda cha namna hiyo lazima kichunguzwe ili saratani iondolewe kwenye mashaka
- kina ukubwa wa zaidi ya sentimita 1, au kingo zake ni ngumu ukizigusa
- una homa, unapungua uzito au unaharisha kwa muda mrefu
- una vidonda vingine sehemu za siri, au macho yanauma na kuwa mekundu
- vidonda vimetokea siku chache baada ya kuanza dawa mpya na ngozi imeanza kutoa vipele au kubabuka. Hii ni dharura, nenda siku hiyohiyo ukiwa na dawa yenyewe mkononi
- ni mtoto anayekataa kunywa au aliyepunguza sana kukojoa

Andaa hivi

- Daftari dogo na kalamu, vikae jikoni. Simu inafaa pia, lakini daftari lililo mezani halisahauliki.
- Kioo na tochi.
- Mswaki wenye brashi laini.
- Dawa ya meno isiyo na kitu cha kutoa povu kiitwacho SLS. Soma nyuma ya boksi: kikiwemo kitaandikwa sodium lauryl sulfate. Watu kadhaa hupunguza vidonda kwa kubadilisha dawa ya meno tu.
- Chumvi ya kawaida, kijiko cha chai, na glasi ya mililita 250.
- Mabeseni mawili na chekeche, kwa ajili ya dagaa.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji.
- Bima au akiba ya vipimo vya damu na choo.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza visivyo chakula (wiki 2)

Badilisha mswaki na dawa ya meno siku moja. Pitisha ulimi kwenye meno yote. Ukikuta jino lililovunjika lenye ncha, au meno ya bandia yanayobana, mwone daktari wa meno. Kidonda kinachorudi palepale kila mara, upande uleule wa shavu, kwa kawaida kinachubuliwa na jino, na hakuna mlo utakaokiponya.

Acha uji na chai vipoe hadi uweze kushika kikombe kwa viganja viwili bila kuungua. Ikiwa umeacha sigara hivi karibuni, ujue kwamba vidonda huweza kuongezeka kwa wiki kadhaa kisha vikatulia. Usirudie sigara kwa sababu hiyo.

Hatua ya 2: Andika kwa siku 42

Kila jioni andika mistari mitatu. Wa kwanza: kidonda kipya kimetokea? Wapi? Mchoro wa mdomo wenye nukta unatosha. Wa pili: ulichokula leo, pamoja na vile visivyohesabiwa kama chakula, yaani embe mbichi ya pilipili ya njiani, kipande cha muwa, bazoka, soda. Wa tatu: usingizi, msongo, hedhi, kujing'ata, homa.

Usibadilishe mlo bado. Unachotafuta sasa ni idadi yako ya kawaida, kwa mfano vidonda 3 katika wiki 6. Bila namba hiyo hutajua baadaye kama umepona au umebahatika. Na usimhukumu mchokozi kwa chakula cha saa hiyohiyo. Nanasi likikuwasha mara tu linapogusa mdomo, huenda limekuta kidonda ambacho kilikuwa kimeshaanza. Tazama ulichokula siku 1 hadi 3 kabla.

Hatua ya 3: Pima damu na choo wakati daftari linaendelea

Vituo vingi vya afya hupima picha kamili ya damu na choo. Ferritini, B12 na foleti (jina jingine la asidi ya foliki ya kwenye chakula) zinahitaji maabara kubwa zaidi. Kwa aliyeko Mwanza, ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure, au ya kanda, Bugando. Omba kwa mpangilio huu ikiwa fedha ni kidogo:

1. Picha kamili ya damu. Hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, chini ya 12 kwa mwanamke, au chini ya 11 kwa mjamzito, ni upungufu wa damu.
2. Choo, kwa minyoo na kichocho.
3. Ferritini, yaani akiba ya chuma. Inaweza kuwa imeisha huku hemoglobini bado iko sawa. Usipime ukiwa na malaria au homa, maana maambukizi huipandisha na kuficha upungufu.
4. Vitamini B12 na foleti.
5. VVU, ikiwa hujui hali yako. Vidonda vikubwa vinavyokawia kupona vinaweza kuwa dalili ya kinga iliyoshuka.

Kipimo cha choo kisidharauliwe na mtu wa mwambao wa ziwa. Kichocho kinachotawala kando ya Ziwa Victoria ni cha tumbo. Huoni damu kwenye mkojo, kwa hiyo mtu anayeoga, kufua au kuvua ziwani hujiona mzima huku utumbo ukivuja damu kidogo kidogo. Minyoo ya safura nayo hufyonza damu. Kula maini kila wiki bila kutibu hivyo ni kujaza ndoo iliyotoboka. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo usikubali kukadiriwa kwa macho. Anayerudi ziwani kila siku huambukizwa tena, naye apime tena.

Mweleze mhudumu kuhusu dawa unazotumia. Metformini ya kisukari ikitumiwa kwa miaka hupunguza B12, na omeprazoli ya vidonda vya tumbo ikitumiwa kwa muda mrefu nayo hivyohivyo. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuleta vidonda mdomoni kwa baadhi ya watu. Usiache dawa yoyote mwenyewe, peleka swali.

Hatua ya 4: Jaza sahani (wiki 8 na kuendelea)

Hapa ndipo kazi ilipo, na bahati nzuri mwambao una karibu kila kinachohitajika. B12 hupatikana kwenye vyakula vya wanyama tu: samaki, nyama, mayai, maziwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo sana, lakini anayeishi kwa ugali na mboga za majani peke yake hakipati.

*Dagaa.* Hawa ndio msingi, kwa sababu unamla samaki mzima na bei yake inavumilika. Tatizo lao ni mchanga. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, utakuta dagaa walioanikwa juu ya vichanja au nyavu, na walioanikwa chini mchangani. Wa kichanja ni ghali kidogo. Kwa mtu mwenye vidonda wanastahili bei hiyo, maana chembe ya mchanga ikisagwa kati ya jino na shavu inakwaruza kama msasa.

Ukipata wa mchangani, waoshe hivi. Wamwage kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, wakoroge kwa vidole vilivyopanuliwa, subiri dakika 1 mchanga utuame. Kisha wanyanyue kwa viganja viwili uwahamishie kwenye beseni la pili. Usiwamwage pamoja na maji, kwani mchanga wote uliotuama utawarudia. Rudia mara 3, au mpaka ukipitisha kidole chini ya beseni usikute chembe. Toa vichwa ikiwa vinakuchoma.

Usiwakaange hadi wakakamae. Waanike, wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta kwa moto mdogo dakika 5 hadi 7 huku ukigeuza, watwange kwenye kinu, upitishe kwenye chekeche. Unga huo weka vijiko vikubwa 2 kwenye mchuzi wa maharage, mlenda au uji wa chumvi. Hutunzwa wiki 2 kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Ukinusa harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa.

*Maini.* Gramu 100, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, mara 1 kwa wiki. Kiasi hicho kina B12 ya siku nyingi na chuma kizuri. Mjamzito asile maini kwa wingi kwa sababu ya vitamini A iliyomo. Yeye ategemee dagaa, maharage, mayai na vidonge vya kliniki.

*Maharage, choroko, dengu, kunde.* Kikombe 1 kilichoiva kwa siku. Ndizo hazina kubwa ya foleti. Loweka saa 12, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Kuloweka hupunguza vitu vinavyozuia chuma na zinki visinyonywe. Usitie magadi ili ziive haraka, wala kwenye mlenda, kwani magadi huharibu baadhi ya vitamini za kundi B pamoja na vitamini C. Zikipikwa pamoja na unga wa dagaa au kipande cha samaki, mwili hunyonya zaidi chuma cha maharage yenyewe.

*Mboga za majani.* Matembele, mchicha, majani ya kunde, kisamvu. Osha kwanza, kata baadaye. Isipokuwa kisamvu, ambacho lazima kitwangwe na kichemke sana, dakika 5 motoni zinatosha. Foleti huteketea kwa moto mrefu na hutoka na maji unayomwaga. Nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa, ni akiba nzuri ya kiangazi, lakini kukaushwa na kuchemshwa sana hupunguza foleti, kwa hiyo isisimame peke yake. Na mchicha mwingi haukuongezei chuma kama watu wanavyoamini, kwa kuwa chuma chake hunyonywa kidogo. Ule kwa ajili ya foleti.

*Papai bivu.* Chuma cha mimea kinahitaji vitamini C ili kinyonywe, na ushauri wa kawaida ni machungwa na ndimu. Kwa mtu mwenye vidonda huo ni mtihani: kinachomsaidia damu kinamchoma mdomo. Papai bivu hutatua jambo hilo, maana lina vitamini C ya kutosha na halina ukali. Vipande viwili vya ukubwa wa kiganja pamoja na mlo, si saa 3 baadaye. Pera laini na embe bivu pia hufaa.

*Chai na kahawa.* Ziondoe mezani. Kunywa saa 1 kabla ya mlo au saa 1 hadi 2 baada yake. Chai ya rangi iliyonywewa juu ya maharage huzuia sehemu kubwa ya chuma chake kuingia mwilini, na hili ndilo kosa la kimya la nyumba nyingi.

*Unga.* Sembe imeondolewa ganda na kiini, pamoja na sehemu kubwa ya chuma, zinki na vitamini B. Geukia dona. Mashine nyingi za mtaani haziongezi virutubishi. Ukinunua unga wa paketi, chagua ulioandikwa kuwa umeongezwa virutubishi. Ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, hushibisha, lakini muhogo una virutubishi hivi kwa uchache, kwa hiyo kitoweo chake kiwe kizito zaidi.

Siku moja inaweza kwenda hivi. Asubuhi uji wa dona wenye maziwa na yai 1 la kuchemsha. Mchana ugali wa dona, maharage yenye unga wa dagaa, matembele, na papai palepale. Saa kumi jioni chai. Usiku viazi lishe vya kuchemsha na sato wa mchuzi aliyetolewa miiba.

Neno moja kuhusu pemba, ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huzuia chuma kunyonywa. Ukiwa na hamu hiyo pamoja na vidonda, usisubiri wiki 8; pima damu sasa.

Hatua ya 5: Vidonge, kwa majibu ya vipimo tu

Upungufu mkubwa hauzibwi na chakula peke yake. Kidonge cha kawaida cha chuma, feras salfeti ya miligramu 200, hutoa takriban miligramu 65 za chuma. Kimeze kwa maji, mbali na chai na maziwa. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Hemoglobini ikishafika sawa, dozi huendelea takriban miezi 3 ili akiba ijae.

Kimeze papo hapo kwa glasi ya maji ukiwa umekaa wima. Usikimung'unye, usikitafune, usikiache kiyeyuke mdomoni: kidonge hiki kinaunguza na chenyewe huleta vidonda. Tuliandika aya hii peke yake kwa sababu wapo wanaomung'unya wakidhani dawa itafika kwenye kidonda haraka.

Usinywe asidi ya foliki peke yake kwa miezi bila kujua B12 yako. Huweza kurekebisha picha ya damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuumiza mishipa ya fahamu, ganzi ya miguu ikiwa dalili yake. Kuhusu B12 yenyewe, jaribio la Israel lililochapishwa 2009, lenye watu 58, lilitumia mikrogramu 1000 chini ya ulimi kila usiku kwa miezi 6. Katika mwezi wa mwisho, takriban asilimia 74 ya waliopewa B12 hawakupata kidonda, dhidi ya asilimia 32 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, na wapo walionufaika ambao B12 yao haikuwa chini. Ni jaribio dogo, lakini linakupa sababu ya kulizungumza na daktari. Zingatia ule muda: miezi 6.

Hatua ya 6: Sasa mtafute mchokozi, mmoja mmoja

Fungua daftari. Weka alama kila chakula kilichotangulia angalau vidonda 3 kwa siku 1 hadi 3. Wanaotajwa mara kwa mara ni nanasi, machungwa, ndimu, ukwaju, embe mbichi, nyanya nyingi kwenye mchuzi, pilipili, karanga, chokoleti, kahawa na mdalasini. Kundi la pili si kemikali bali ugumu: muwa, mahindi ya kuchoma, chipsi zilizokauka, dagaa wa kukaangwa, mwiba wa sato. Hawa huacha alama upande unaotafunia.

1. Chagua chakula kimoja tu, kilichojitokeza zaidi.
2. Kiache kabisa. Muda hutegemea namba ya Hatua ya 2. Ukipata vidonda 2 au zaidi kwa mwezi, wiki 4 zinatosha. Ukipata kimoja kila miezi 2, wiki 4 bila kidonda hazithibitishi kitu, kwa hiyo subiri angalau wiki 12.
3. Kirudishe: kiasi chako cha kawaida kila siku kwa siku 3, kisha siku 4 bila hicho, ukitazama mdomo kila jioni.
4. Vidonda vikirudi, kiache tena na urudie jaribio mara moja zaidi. Mchokozi wa kweli huonekana mara zote mbili.
5. Visiporudi, kile kwa amani na uhamie kingine.

Jaribu pia kubadilisha upishi kabla ya kuhukumu chakula. Nyanya iliyopikwa mpaka ikaachia mafuta haichomi kama ya kachumbari. Karanga zilizosagwa kwenye mboga hazikwaruzi kama za kutafuna. Kama mtu alishavimba midomo au kubanwa kifua baada ya kula kitu fulani, asikirudishe nyumbani kwa majaribio. Hiyo ni mzio, ni ya hospitali.

Hatua ya 7: Siku ambazo kidonda kipo

Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sekunde 30, mara 3 hadi 4 kwa siku, uteme. Kula vilaini na vya baridi kiasi: uji usiotiwa ndimu, ndizi mbivu, parachichi, viazi lishe vilivyopondwa, yai, maziwa. Mtindi ukikuchoma, uache mpaka kipone. Kunywa kwa mrija ukiuelekeza upande mzima. Asali ukipaka hutuliza wengine, ila kamwe usimpe mtoto wa chini ya mwaka 1.

Makosa tunayokutana nayo zaidi

Kupaka chumvi kavu, ndimu au spiriti juu ya kidonda. Maumivu makali yale hayaui kitu; yanaunguza nyama changa iliyokuwa inafunga, na kidonda hupanuka.

Kusaga kidonge cha flajili au kapsuli ya antibayotiki na kunyunyizia. Vidonda hivi havisababishwi na bakteria. Aspirini kuwekwa shavuni ni mbaya zaidi, kwani ni tindikali inayobabua.

Kuacha vyakula vitano kwa pamoja. Hata ukipona hutajua kipi kilikuwa chenyewe, na utaishi ukivikwepa vyote.

Kuacha ngano ghafla kabla ya kupima. Ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni ya ngano huumiza utumbo, unaweza kuanza kuonekana kwa vidonda vya mdomo. Lakini kipimo chake husoma sahihi mtu akiwa bado anakula ngano. Ukihisi chapati na mandazi vinakuharibia tumbo pia, pima ndipo uache.

Ukikwama

*Wiki 8 za kula vizuri, vidonda ni vilevile.* Angalia chai kwanza: inanywewa saa ngapi? Kisha choo: kilipimwa? Hedhi nzito ya zaidi ya siku 7 nayo humaliza chuma kuliko sahani inavyorudisha; itibiwe yenyewe.

*Vidonda vimepungua lakini havijaisha.* Hayo ni mafanikio. Kwa wengi tatizo hili lina asili ya ukoo, na mlo hupunguza idadi na maumivu bila kufuta yote. Linganisha na namba ya Hatua ya 2, usilinganishe na sifuri.

*Vipimo vyote ni sawa na hakuna mchokozi aliyepatikana.* Rudi kwenye mstari wa tatu wa daftari. Vidonda vikija siku chache kabla ya hedhi, wakati wa mitihani, au msimu wa kukesha kazini, chakula hakina kosa. Rudisha ulivyovikata, na umwombe daktari dawa ya kupaka yenye steroidi, inayofanya kazi vizuri zaidi ikianza siku ile ya kwanza unaposikia kuwaka kabla kidonda hakijafunguka.

*Mtoto anakataa dagaa.* Anza na nusu kijiko cha chai cha unga wake kwenye mchuzi wa maharage, siyo kwenye uji wa sukari ambako harufu inajitokeza. Ongeza nusu kijiko kila baada ya siku 3. Hakikisha umepitisha kwenye chekeche mara mbili. Mwiba mmoja ukimchoma fizi, hatarudia.

*Vidonda vilikuwa vidogo, sasa ni vikubwa na vinachukua mwezi kupona.* Simamisha majaribio ya chakula. Beba daftari na majibu ya vipimo, nenda ukamwone daktari wa kinywa na meno wiki hii.